Kosa la Kwanza: Somo Juu ya Hitilafu za Ujenzi wa Programu Huria

Homa si ugonjwa, bali ni dalili ya ugonjwa. Tabibu anayempa mgonjwa dawa ya kushusha homa bila kupima damu yake huenda akamrudisha nyumbani akiwa na nafuu, ilhali malaria ingali imo mwilini. Jambo hili linafahamika kwa kila mwanafunzi wa biolojia. Katika makala hii tutaonyesha kwamba kanuni hiyo hiyo inatawala kazi moja ya elimu ya kompyuta ambayo vijana wetu wengi wameanza kuifanya, nayo ni kujenga programu huria na kuzifunga katika vifurushi. Tutaeleza hatua za ujenzi, hitilafu zinazotokea katika kila hatua, na namna ya kuzichunguza. Mwishoni tutasimulia kisa cha kweli kinachoonyesha hasara inayoweza kutokea dalili inaponyamazishwa kabla ya kufahamika.

1. Programu huria na vifurushi

Programu huria ni programu ambayo msimbo chanzo wake, yaani maandishi yaliyoandikwa na watunzi wake, umeachwa wazi ili kila mtu aweze kuusoma, kuurekebisha na kuugawa. Maandishi hayo hayawezi kutekelezwa na kompyuta jinsi yalivyo. Hayana budi kugeuzwa kwanza kuwa lugha ya namba inayofahamika na prosesa. Kazi hiyo ya kugeuza, pamoja na zile zinazoifuata, ndiyo tunayoiita ujenzi.

Tuseme shule ina kompyuta 20 katika maabara yake. Mwalimu anaweza kujenga programu katika kompyuta moja baada ya nyingine. Lakini toleo jipya litakapotoka itambidi arudie kazi hiyo mara 20, na akitaka kuiondoa programu hatajua ni mafaili gani yaliyowekwa, wala yamewekwa wapi. Kifurushi huondoa taabu hiyo. Programu hujengwa mara moja tu. Mafaili yake hufungwa pamoja, yakaambatanishwa na orodha yake na majina ya vitu ambavyo programu inavitegemea. Baada ya hapo kifurushi huweza kubebwa katika diski ya flashi na kusakinishwa katika kompyuta zote.

Mradi wa Debian, ulioanzishwa na Ian Murdock mwaka 1993, ni mfano mkubwa wa kazi hii. Toleo lake la mwaka 2023 lilikuwa na vifurushi zaidi ya 64,000, vilivyotayarishwa na watunzaji wa kujitolea kutoka nchi nyingi. Vingi vya vifurushi hivyo vilipita katika hatua tutakazozieleza hivi punde.

2. Hatua tano za safari

Kwa ajili ya somo letu, tubuni programu ndogo ya kubana mafaili ili yachukue nafasi ndogo zaidi. Tuiite Bana. Msimbo wake umeandikwa kwa lugha ya C katika faili liitwalo bana.c, nayo hutumia maktaba ya zlib. Neno maktaba hapa lina maana ya mkusanyiko wa fanksheni zilizokwisha kuandikwa na wengine ili kila programu izitumie bila kuziandika upya. Zlib, iliyotungwa na Jean-loup Gailly na Mark Adler, ilitolewa kwa mara ya kwanza mwaka 1995, na ingali inatumika katika programu nyingi mno.

Mjenzi wa programu ya aina hii aghalabu hutoa amri tatu zifuatazo:

    ./configure
    make
    make install

Amri ni tatu, lakini hatua ni tano.

Hatua ya kwanza ni ukaguzi: kompyuta huchunguzwa kama ina vyombo na maktaba zinazohitajika. Hatua ya pili ni kutafsiri: programu iitwayo kompaila husoma msimbo na kuugeuza kuwa vipande vya lugha ya namba. Hatua ya tatu ni kuunganisha: kiunganishi huvikutanisha vipande hivyo na maktaba ili kupata programu moja kamili. Hatua ya nne ni kusakinisha, yaani kuyapeleka mafaili mahali pake. Hatua ya tano ni kuiendesha programu yenyewe.

Hatua ya pili na ya tatu husimamiwa na chombo kiitwacho Make, kilichotungwa na Stuart Feldman katika maabara za Bell nchini Marekani mwaka 1976. Pamoja na umri wake, chombo hiki kingali kinatumika hadi leo.

Swali la kwanza la mchunguzi, basi, lisiwe "nifanyeje ili kosa hili liondoke?" bali "kosa hili limetokea katika hatua ipi?" Maana kila hatua ina makosa yake, na dawa ya hatua moja haiponyi maradhi ya hatua nyingine.

3. Kusoma taarifa za ujenzi

Ujenzi unaposhindikana, mistari mingi hupita juu ya kioo, na wa mwisho huwa kama huu:

    make: *** [Makefile:12: bana.o] Error 1

Wanafunzi wengi huunakili mstari huu na kwenda kuomba msaada. Lakini mstari huu hausemi lolote ila kwamba amri fulani imeshindwa. Ni tangazo la msiba tu. Sababu ya kifo imo katika mistari ya juu yake.

Zaidi ya hayo, kosa moja huzaa mengine. Aina moja ya data isipotangazwa mwanzoni mwa faili, kila mstari unaoitumia nao utalalamikiwa, na makosa 40 yakaonekana pale penye kosa moja. Anayeanza kurekebisha kutoka chini kwenda juu huhangaika na vivuli. Yatupasa kutafuta kosa la kwanza, tulirekebishe hilo peke yake, kisha tujenge tena.

Ili tusipoteze taarifa hizo, inafaa kuzihifadhi katika faili:

    make -j1 2>&1 | tee ujenzi.log

Alama ya -j1 inaiamuru Make ifanye kazi moja baada ya nyingine. Kazi kadhaa zikifanywa kwa pamoja, taarifa zake huchanganyikana, na lile linaloonekana kuwa la kwanza huenda lisiwe la kwanza.

4. Hitilafu za kila hatua

(a) Ukaguzi. Hatua hii ina hatari ya pekee, kwa kuwa yaweza kushindwa bila kusimama. Mkaguzi akiikosa zlib, huenda akaandika mstari mmoja tu wenye neno "no", kisha akaendelea. Programu itajengwa na kusakinishwa vizuri, lakini uwezo wake wa kubana mafaili utakuwa umeachwa nje. Mjenzi atashangilia, na mtumiaji ndiye atakayegundua upungufu. Kwa hiyo taarifa za ukaguzi hazina budi kusomwa hata pale ujenzi unapofaulu. Maelezo yake kamili huhifadhiwa katika faili la config.log.

(b) Kutafsiri. Hapa kosa la kawaida ni hili:

    fatal error: zlib.h: No such file or directory

Maana yake ni kwamba faili la zlib.h halikuonekana. Faili la namna hii huitwa faili la vichwa. Halina fanksheni zenyewe, bali lina matangazo yake: jina la kila fanksheni, inapokea nini na inarudisha nini. Mwanafunzi atapinga: "Lakini zlib imo katika kompyuta yangu!" Huenda anasema kweli. Katika Debian maktaba hugawanywa katika vifurushi viwili. Cha zlib1g kina maktaba inayotumiwa na programu zilizokwisha kujengwa, na cha zlib1g-dev kina mafaili ya vichwa yanayohitajiwa na mjenzi. Mtumiaji wa kawaida hukihitaji cha kwanza tu, ila mjenzi hana budi kuwa na vyote viwili.

(c) Kuunganisha. Kosa la hatua hii husomeka hivi:

    undefined reference to `deflate'

Kompaila iliridhika kwa kuwa ililiona tangazo la fanksheni ya deflate. Kiunganishi sasa kinaitafuta fanksheni yenyewe, wala hakiioni. Kuongeza mafaili ya vichwa hakutasaidia kitu, kwani hatua hiyo imekwisha pita. Dawa ni kuitaja maktaba katika amri ya kuunganisha:

    gcc -o bana bana.o -lz

Msomaji aangalie kwamba -lz imeandikwa mwishoni. Kiunganishi husoma majina kutoka kushoto kwenda kulia. Maktaba ikitajwa kabla ya faili linaloihitaji, katika mifumo kadhaa itahesabiwa kuwa haina kazi na kuachwa.

(d) Kusakinisha. Tuseme kanuni ya kusakinisha katika faili la Makefile imeandikwa hivi:

    cp bana /usr/local/bin/

Mtengeneza kifurushi hufanya kazi kama mtumiaji wa kawaida, asiye na mamlaka ya kuandika katika saraka za mfumo. Kwa hiyo atajibiwa "Permission denied", yaani hana ruhusa. Wengi hukimbilia kurudia amri kwa mamlaka ya msimamizi. Kosa litatoweka papo hapo, lakini faili litakuwa limekwenda katika mfumo wa mjenzi mwenyewe badala ya kuingia katika kifurushi. Matokeo yake ni kifurushi kitupu. Tena, kwa kuwa Bana sasa imo katika kompyuta ya mjenzi, akiijaribu ataiona inafanya kazi, na hatajua kwamba anawapelekea wenzake mkoba usio na kitu ndani.

Kukosa ruhusa hakukuwa ugonjwa. Ilikuwa dalili kwamba njia ya saraka imeandikwa kwa namna isiyobadilika. Dawa yake ni hii:

    install -d $(DESTDIR)$(prefix)/bin
    install -m 755 bana $(DESTDIR)$(prefix)/bin/

Neno DESTDIR ni jina la saraka ya muda. Mtengeneza kifurushi akilipa thamani, mafaili yote hukusanyika katika saraka hiyo kwa mpangilio ule ule yatakaokuwa nao katika mfumo, tayari kufungwa. Lisipopewa thamani huwa tupu, na usakinishaji ukaendelea kama kawaida.

(e) Kuiendesha. Kifurushi kimefika katika kompyuta nyingine, na programu inapoitwa inajibu hivi:

    error while loading shared libraries: libz.so.1: cannot open shared object file

Programu imejengwa sawasawa, ila maktaba inayoitegemea haimo katika kompyuta hiyo. Kosa ni la kifurushi, ambacho hakikuitaja zlib1g katika orodha ya mategemeo yake. Amri ya ldd ikifuatwa na jina la programu huorodhesha maktaba zote zinazohitajika, na kuonyesha zile zisizopatikana.

5. "Mbona kwangu inafanya kazi?"

Kompyuta ya mjenzi ni kama jiko la mpishi mzoefu: chumvi, mafuta na viungo vimo tayari, naye huvitia chunguni bila kukumbuka kuviandika. Anayepewa maelezo yake ya mapishi akayafuata katika jiko jipya atapata chakula kisicho na ladha. Vivyo hivyo, mjenzi aliyesakinisha zlib1g-dev miaka miwili iliyopita atasahau kuitaja.

Kwa sababu hii watunzaji wa Debian hujenga vifurushi vyao katika mazingira safi, yaani mfumo mdogo uliotengwa ndani ya kompyuta, wenye vyombo vya lazima tu pamoja na vile vilivyotajwa katika kifurushi. Chombo kama sbuild au pbuilder huyaandaa mazingira hayo na kuyafuta kazi inapokwisha. Kitu kisichotajwa hakitakuwamo, na ujenzi utashindwa. Kushindwa huko ni faida, kwani kunatokea mbele ya mtu anayeweza kurekebisha.

6. Kuponya na kunyamazisha

Kompaila nazo hubadilika. Kompaila ya GCC, toleo la 14, iliyotoka mwezi wa Mei 2024, ilianza kukataa msimbo unaoita fanksheni isiyotangazwa. Kabla ya hapo ilitoa onyo tu, ingawa kanuni za lugha ya C zilikuwa zimeondoa ruhusa hiyo tangu mwaka 1999. Programu nyingi za zamani, ambazo zilikuwa zikijengwa bila taabu, ghafla zikakataa kujengwa.

Hapo mtunzaji ana njia mbili. Ya kwanza ni kuamuru kompaila irudie tabia yake ya zamani, na hilo huchukua dakika moja. Ya pili ni kutafuta faili la vichwa linalokosekana na kuliongeza, kazi iwezayo kuchukua saa nzima. Je, kuna tofauti gani?

Fanksheni isipotangazwa, kompaila ya zamani hukisia kwamba inarudisha namba kamili, ambayo katika kompyuta zetu za kawaida ina biti 32. Tuseme fanksheni hiyo kwa kweli inarudisha anwani ya mahali fulani katika kumbukumbu ya kompyuta. Anwani katika kompyuta za leo ina biti 64. Nusu yake itakatwa na kupotea. Ikiwa nusu iliyopotea ilikuwa sifuri tupu, programu itafanya kazi. Ikiwa haikuwa, itaanguka. Hivyo basi itaanguka leo na kupona kesho, bila mtu kujua sababu. Anayeongeza tangazo ameponya ugonjwa. Anayeinyamazisha kompaila ameshusha homa.

7. Mistari miwili ya mwaka 2006

Sasa tutimize ahadi yetu ya kisa cha kweli. OpenSSL ni maktaba inayotumiwa kuficha siri za mawasiliano. Mojawapo ya kazi zake ni kutengeneza funguo za siri, na ili ufunguo usikisiwe na mtu, ni lazima utokane na namba za nasibu.

Mwaka 2006, chombo cha uchunguzi kiitwacho Valgrind kilikuwa kikitoa maonyo kwamba OpenSSL inasoma sehemu za kumbukumbu ambazo hazijawekwa thamani. Kwa kawaida onyo la namna hiyo ni dalili ya kosa. Mtunzaji wa kifurushi hicho katika Debian alikuta kwamba maonyo yanatokana na mistari miwili ya msimbo. Alitaka maoni ya wengine kwanza, wala hakuwa na nia mbaya. Kisha akaiondoa mistari hiyo. Maonyo yakakoma, kifurushi kikajengeka, kikasakinishwa, na kila kitu kikaonekana kufanya kazi.

Lakini mmoja wa mistari hiyo ndio uliokuwa mlango wa kuingizia unasibu wote katika kitengeneza namba. Baada ya kuondolewa, kitu karibu pekee kilichobadilika kutoka ufunguo mmoja hadi mwingine kilikuwa namba ya mchakato katika kompyuta, ambayo kwa kawaida haikuzidi 32,768. Funguo ambazo zilipaswa kuwa nyingi kupita hesabu ya binadamu zikawa, kwa kila aina ya kompyuta na kila ukubwa wa ufunguo, elfu thelathini na kidogo tu. Adui aliweza kuzitengeneza zote mapema na kuzijaribu moja moja.

Kasoro hiyo iligunduliwa na Luciano Bello, ikatangazwa tarehe 13 Mei 2008. Kwa muda wa karibu miaka miwili funguo dhaifu zilikuwa zimetengenezwa katika Debian na katika mifumo iliyotokana nayo, ikiwamo Ubuntu. Kusasisha kifurushi peke yake hakukutosha. Kila ufunguo uliotengenezwa katika kipindi hicho ilibidi utupwe na kutengenezwa upya, hata kama ulikuwa umehamishiwa katika kompyuta ya mfumo mwingine kabisa.

Katika kipindi chote hicho hakuna hatua hata moja kati ya zile tano iliyoonyesha kosa. Ujenzi uliofaulu si ushahidi kwamba programu ni nzima. Ni ushahidi tu kwamba vyombo havikuona cha kulalamikia, na huenda havikuona kwa sababu sisi wenyewe tumevifunga macho.

8. Muhtasari

Mchunguzi wa hitilafu za ujenzi na afuate utaratibu huu. Ahifadhi taarifa zote. Alitafute kosa la kwanza. Atambue ni la hatua ipi. Aeleze kwa maneno yake mwenyewe kwa nini limetokea. Abadilishe jambo moja tu kwa wakati mmoja, kisha ajenge tena katika mazingira safi. Na akishindwa kueleza kwa nini dawa yake imefaulu, asihesabu kwamba kazi imekwisha.

Mazoezi

1. Mwanafunzi amepata kosa la "undefined reference", akasakinisha upya mafaili ya vichwa, lakini kosa limebaki. Eleza kwa nini dawa yake haikufaa.

2. Kifurushi kinasakinishwa bila kosa, lakini programu haionekani popote katika kompyuta. Taja sababu moja inayoweza kuleta hali hiyo, na useme ungeichunguza vipi.

3. Adui anaweza kujaribu funguo 10 kwa sekunde. Kokotoa muda atakaohitaji kuzijaribu funguo 32,768. Kisha kokotoa muda ambao angehitaji kama ufunguo ungetokana na namba ya nasibu yenye biti 128. Linganisha majibu yako mawili.

4. Kwa majadiliano darasani: mtunzaji wa mwaka 2006 alikuwa na onyo la kweli mikononi mwake. Ni swali gani angepaswa kulijibu kabla ya kuondoa mstari wowote?